Jini la Mwalimu Kalunde

Ukiwauliza watu wa Mbumbuni habari za Mwalimu Kalunde, watakuanzia na jini. Hawataanza na jinsi alivyowafundisha watoto wao kushika kalamu, wala jinsi mwaka ule wa njaa ya themanini na nne alivyowapikia watoto hao uji kwa kuni alizobeba mgongoni mwenyewe. Hayo yamesahaulika. Wataanza na jini, watashusha sauti, na mtu mzima na akili zake atakuapia kwamba aliliona likitembea juu ya meza kanisani. Haya, tuanze na jini, lakini tulieleze lilivyokuwa, maana uongo huu umetembea vya kutosha na hakuna aliyeona haya.

Kalunde alizaliwa Kikima, kule juu Mbooni kwenye baridi, akaolewa chini Mbumbuni na Kiema, mtu mpole aliyeshona viatu sokoni. Alikuwa amemaliza darasa la saba wakati ambapo wasichana wengi wa rika lake walitolewa shule mapema wakachunge mbuzi. Kanisa lilipotaka kufungua nasari, darasa la watoto wadogo, likamwita yeye. Darasa lilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Siku za wiki watoto waliketi kwenye mabenchi ya waumini, miguu ikining'inia, na meza ile ile iliyowekwa Biblia na kikapu cha sadaka siku ya Jumapili ndiyo ilikuwa meza ya mwalimu. Malipo yalikuwa chochote mzazi alichojaliwa, na mara nyingi kilikuwa mbaazi. Hakunung'unika. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu "mimi ni mwalimu" kwa sauti ambayo wengine husemea "mimi ni chifu".

Kilichomsumbua ni hesabu. Alitaka watoto wahesabu vitu wanavyovishika, si kuimba nambari tu kama kasuku. Alijaribu maharagwe, na mwaka wa njaa watoto wakayatafuna mabichi. Hakuwa na moyo wa kuwakemea. Alijaribu vifuniko vya soda, vikawakata vidole. Mawe nayo, ukimpa mtoto wa kiume, hayahesabiwi, yanarushwa.

Mwaka uliofuata, akina mama wa kanisa walialikwa semina Mombasa. Walisuka vyondo, wakauza, wakakodi basi. Mzee wa kanisa Kivuva, mwenye duka kubwa pale sokoni, alifuatana nao ili, kwa maneno yake, akina mama wasipotee. Karibu wote hawakuwa wameiona bahari hata siku moja. Siku ya mwisho, semina ilipokwisha, wakapelekwa ufukweni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mwamba umebaki wazi mpaka mbali.

Mzee Kivuva hakukanyaga mchanga. Alibaki kando ya basi na koti lake na viatu vyake vya ngozi, akilinda vikapu visivyokuwa na mwizi. Akina mama wengine walifunga leso wakaingia majini mpaka magotini, wakapiga kelele kila wimbi dogo lilipowafikia. Kalunde alimshika mkono rafiki yake Mbinya wakaelekea kwenye mwamba. Walikuwa wamekua pamoja kule Kikima, wakaolewa Mbumbuni mwaka mmoja, na walikuwa wakigawana mpaka chumvi.

Kule kwenye mwamba Kalunde alisahau umri wake. Maji yalikuwa yamebaki kwenye vishimo, na kila kishimo kilikuwa na watu wake. Kulikuwa na visamaki vyenye mistari ya manjano, vikijificha ukinyoosha kidole. Kulikuwa na kiti cha pweza, mdudu mwenye mikono mitano na asiye na kichwa, amelala chini kama kitu kilichotupwa, lakini ukimtazama kwa muda unaona anasogea. Jongoo wa baharini, mnene, mweusi, alimfanya Mbinya aruke nyuma na kucheka mpaka akakaa. Yangeyange weupe walisimama kwa mguu mmoja, na kunguru walipekua majani ya bahari yaliyosukumwa ufukweni.

Na makombe yalikuwa kila mahali. Yalikuwa ya kila namna: magamba yaliyojisokota ya konokono wa baharini, magamba bapa ya chaza yanayong'aa ndani, mengine marefu na membamba, mengine ya mviringo yenye madoa ya chui. Kalunde alisimama akiyatazama na hesabu yake yote ikamjia kichwani. Haya hayaliki. Hayakati. Ni mepesi, hata mtoto akirusha hayamtoboi mwenzake jicho. Na zaidi ya kuhesabu, watoto wangeyapanga kwa ukubwa, wangeyatenga kwa rangi, wangeyaweka sikioni. Angeipeleka bahari Mbumbuni, kwa watoto ambao maji waliyoyajua ni yale wanayochimba kwenye mchanga wa mto.

Alipoanza kuokota, kombe moja likamkimbia. Aliruka yeye sasa. Mama mmoja wa pale, aliyekuwa ameinama akitafuta chaza, akacheka.

"Hilo liache, mwanangu, lina mwenyewe," akasema. Akalishika, akaligeuza, na miguu myekundu ikapapasa hewani. "Ni kaa huyu. Nyuma yake ni laini, hana gamba, basi huingia kwenye nyumba ya konokono aliyekufa. Akikua ikimbana, anatafuta nyingine."

"Kumbe hata huku watu ni wa kupanga," Mbinya akasema, na wote watatu wakacheka.

Kalunde akawa makini. Kila kombe alilitikisa, akachungulia ndani, akalisuuza. Lililokuwa na mwenyewe alilirudisha. Akajaza kopo kubwa la mafuta ya kupikia mpaka juu. Moja lilikuwa zuri kuliko yote, la rangi ya kahawia na michirizi myeupe, kubwa kama ngumi ya mtoto. Alilitikisa, kimya. Alichungulia, giza. Mwenye nyumba alikuwa amejivuta mpaka ndani kabisa, akafunga mlango.

Ni vyema mjue na jambo hili: kila mtu katika basi lile alirudi na kitu. Hakukuwa na mama asiyekuwa na chupa ya maji ya bahari. Maji hayo, watu wa bara husema, hutoa kifua, hutoa upele, hutoa na mambo mengine yasiyotajwa mbele ya watoto. Mzee Kivuva ambaye hakukanyaga mchanga alimtuma Mbinya amchotee mtungi mzima wa plastiki, akauweka chini ya kiti chake na kuushikilia kwa miguu njia nzima. Hakuna aliyemwuliza maji hayo ni ya nini. Makombe ya watoto ndiyo yaliyokuja kuulizwa.

Walifika Jumamosi jioni. Kalunde, kwa hamu aliyokuwa nayo, alipita kanisani kabla ya kwenda nyumbani, akayapanga makombe kwenye sinia juu ya meza, pembeni, ili watoto wayakute Jumatatu. Watu wazima nao wangeyatazama Jumapili, wapendezwe.

Jumapili ilifika, sadaka ikatolewa, kikapu kikawekwa mezani, na Mzee Kivuva akasimama kuomba. Maombi ya Mzee Kivuva yalijulikana kwa urefu. Mama aliyeacha sufuria ya muthokoi motoni hakuwa na amani. Mzee alikuwa amefika kwenye kuwaombea viongozi Kalunde aliposikia sauti ya kukwaruza. Akafungua jicho moja. Kombe la kahawia lilikuwa limeshuka kwenye sinia na linakwenda zake mezani, taratibu, likiegemea upande huu na upande huu. Alielewa papo hapo, akaziba mdomo kwa leso ili asicheke.

Lakini mtoto mmoja wa nasari hakuziba mdomo. "Mwalimu, ile kitu inatembea," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

Macho yote yakafunguka. Kombe lilikuwa limefika kwenye kikapu. Likapanda ukingo, likayumba, likaanguka ndani juu ya sarafu, nazo zikalia.

Kilichofuata ni aibu tupu. Wanaume wenye mashamba na wajukuu waliruka mabenchi. Mama mmoja alitoka kwa dirisha. Kalunde alikuwa akisema kwa sauti, "Ni kaa, ni kaa tu, tulieni," lakini nani wa kumsikia. Mzee Kivuva, na hapa nampa haki yake, hakukimbia. Alikimwaga kikapu sakafuni, akainua kile kiatu cha ngozi, akalikanyaga lile kombe kwa kisigino, akalisaga, akalisaga tena, mpaka pakabaki unga na majimaji. Kama angekanyaga mara moja tu, miguu ya kaa ingebaki na mambo yangeishia hapo. Lakini alilisaga kama mtu anayetaka kuhakikisha.

Kila mtu Ukambani anajua jini hununuliwa wapi. Linanunuliwa Mombasa. Unakwenda maskini, unarudi na kitu kidogo ndani ya chombo, na baada ya muda duka lako linajaa. Na kile kitu kilikwenda wapi? Kilikwenda moja kwa moja kwenye sadaka. Ushahidi gani zaidi mtu angetaka?

Kamati ilikaa alasiri hiyo hiyo. Kalunde alieleza yote: ufukwe, yule mama, nyumba ya kupanga. Alieleza vizuri, kama anavyofundisha. Mzee Kivuva akamsikiliza huku ameshika kidevu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimezaliwa kando ya mto Thwake. Kaa naijua, nimeikula. Kaa inazaliwa na nyumba yake mgongoni. Sasa wewe unatuambia huko Mombasa kuna kaa Mungu alisahau kuipatia nyumba, ikaamua kuingia ya konokono?"

Kamati ikacheka. Kalunde aliona damu inampanda kichwani. "Sikuambii nimesikia, Mzee. Nimeona. Na si mimi peke yangu. Mbinya alikuwa na mimi, alimwona yule mama akiigeuza. Mwiteni mumuulize."

Mbinya akaitwa. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya leso, akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi nilikuwa nachota maji ya mzee," akasema. "Hiyo mambo ingine sikuona."

Kalunde alimtazama tu.

Hukumu ilikuwa rahisi. Anatengwa kwenye meza ya Bwana. Darasa anapewa Mutindi, mpwa wa Mzee Kivuva, msichana aliyekuwa nyumbani hana kazi. Makombe yachomwe, na yakachomwa siku hiyo, ingawa hayakushika moto, yakabidi yazikwe. Ila mlango wa toba uko wazi: akisimama mbele ya kanisa akaungama kwamba alinunua jini, ataombewa, na darasa lake atarudishiwa.

"Niungame uongo ndio nisamehewe ukweli?" Kalunde akauliza. Akafunga leso yake akatoka.

Nyumbani Kiema, akimwita kwa jina la mtoto wao, alijaribu kumtuliza kwa mzaha. "Mama Mbula, kama tuko na jini, liambie liniletee ngozi ya viatu, hii imeisha."

"Usicheke," akamwambia. "Usithubutu kucheka. Wale watoto wamefundishwa leo kwamba mimi ni mchawi."

Hilo ndilo lililomchoma. Chakula cha Bwana alikuwa tayari kumwachia Bwana mwenyewe aamue. Lakini asubuhi watoto walipita mbele ya boma lake kwenda kwa Mutindi, na kila walipofika pale walianza kukimbia mpaka walipolipita. Watoto aliowapangusa makamasi. Kalunde alisimama shambani na jembe mkononi, akasikia ile miguu midogo ikikimbia, akalia kwa hasira. Kila Jumapili bado alikwenda kanisani, akaketi benchi la mbele, na benchi zima likawa lake.

Wiki zikapita. Kisha watu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyetaka kujua kama "yule mgeni" angeweza kumwangalia ng'ombe asiyeshika mimba. Kalunde alidhani anadhihakiwa. Akaja mwanamume mwenye kesi ya shamba, akazunguka maneno wee, mwishowe akanong'ona kwamba hakimu ni mtu mgumu. Akaja mama wa kwaya. Wote walikuja jua likikaribia kuzama, wote walipitia upande wa nyuma kwenye ua wa minyaa, na wote walikuwa miongoni mwa walioruka mabenchi. Kalunde aliwaambia kila mmoja kwamba hana jini, hakuwahi kuwa nalo, ni kaa. Walitikisa kichwa kwa adabu, kama watu wanaoelewa kwamba bei bado haijatajwa.

Hasira aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa kidogo. Hii ya sasa ilimkosesha usingizi. Alikuwa amefikiri wamemtenga kwa sababu wanamchukia shetani. Kumbe chuki ilikuwa kwamba shetani amekwenda kwa mtu mwingine.

Halafu akaja Mzee Kivuva. Alikuja na sukari kilo moja na majani ya chai, akaketi kwenye kigoda cha Kiema, akauliza habari za mbaazi, akauliza habari za mvua. Kalunde hakumpa hata maji.

"Mwalimu," mwishowe akasema, "unajua nimefungua duka ingine huko Kikima kwenu."

"Nimesikia."

"Haiendi. Kuna kijana amefungua mbele yangu, watu wote wanaingia kwake. Vile vile vitu, bei ile ile, na wanaingia kwake." Akakohoa. "Sasa ile kitu niliua kanisani. Najua nilikukosea. Lakini ile haikuwa peke yake. Ama?"

Kalunde alitazama ile sukari.

"Mutindi hawezi watoto," mzee akaendelea, akitazama mlango. "Anawachapa. Mimi nikisema neno moja kwa kamati, Jumatatu uko darasani. Hakuna kuungama, hakuna nini. Tusaidiane tu."

Hapa ndipo alipojaribiwa, na si haki kuficha. Darasa lilikuwa pale, amewekewa kiganjani. Angempa kokoto lililofungwa kwenye kitambaa, mzee angeenda zake Kikima akiwa na furaha, na Jumatatu watoto wangekuwa kwenye mabenchi mbele yake, bila kuchapwa na mtu. Alifikiria viboko vya Mutindi. Akafikiria kwa muda mpaka mzee akaanza kutabasamu.

"Mzee," akasema, "ulinisimamisha mbele ya kamati ukasema mimi nimeleta uchafu kwa nyumba ya Mungu. Ulikuwa unaamini hivyo?"

"Niliamini."

"Na bado unaamini?"

"Bado."

"Na umekuja kuuomba." Akainuka, akachukua ile sukari na majani ya chai, akamwekea mapajani. "Nenda nyumbani, Mzee. Mimi sina jini. Wewe ndiye unalo, na wala hukulinunua Mombasa."

Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa shuhuda, Kalunde akasimama. Watu wakanyoosha shingo. Ameshindwa, wakafikiri, amekuja kuungama. Mzee Kivuva alikuwa mbele, uso umemkauka.

"Nimeambiwa niungame," Kalunde akasema. "Sina la kuungama. Kitu mlichoona hapa ni kaa, aliyeumbwa na Mungu huyu huyu mnayemwomba. Sina jini. Sijawahi kuwa nalo. Na nyinyi wote mliokuja kwangu kupitia minyaa mkilitafuta, majina yenu nayajua, sitayataja. Lakini msije tena. Ni hayo tu."

Akaketi. Ukitazama nyuma ungeona nusu ya kanisa wameinamisha vichwa, na nusu nyingine wanawatazama walioinamisha. Mzee Kivuva akaanzisha wimbo ambao haukuwa umetajwa, na watu wakauimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Kalunde alitoka kabla ya baraka ya mwisho. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu basi lile lirudi. Hata kama darasa limekwenda, alijiambia, ukweli umesemwa, na umesikika. Alikuwa amefika kwenye kona ya posho mili, pale kwenye mashine ya kusaga unga, aliposikia mtu anamkimbilia. Alikuwa Mbinya. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kamati. Mbinya alimshika mkono kwa mikono yote miwili, macho yamejaa machozi, na Kalunde akajua kwamba rafiki yake amekuja kuomba msamaha. Alikuwa tayari kumsamehe. Alikuwa amekwisha kumsamehe kabla hajafungua mdomo.

"Mama Mbula," Mbinya akasema, akihema, akitazama nyuma kama kuna anayewasikia. "Umefanya vizuri kuikataa mbele ya watu. Mambo kama hiyo haitajwi kanisani. Mimi najua ulinificha hiyo kitu siku ile kwa mwamba, na sikulaumu." Akausogeza mdomo karibu. "Mume wangu ni mwaka wa pili hajarudi kutoka Nairobi. Niambie, nije siku gani?"